KUYEYUKA NA KUMUMUNYIKA: NENO MOJA KWA MAMBO MATATU

Katika kazi ya istilahi, upungufu wa neno hugunduliwa upesi, kwa sababu mfasiri hukwama na kuuliza. Lakini neno moja linapobebeshwa dhana kadhaa, mfasiri hupita bila kukwama, na hasara humwangukia msomaji. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki hasara ya aina hii ya pili katika somo la Sayansi, pale wanafunzi wanapofundishwa tofauti baina ya mabadiliko ya kiumbo na mabadiliko ya kikemia. Tumechagua mfano wa sukari, kwa kuwa mwalimu yeyote aweza kuupata bila maabara.

Hebu tulitazame swali hili: "Sukari ikiyeyuka, badiliko hilo ni la aina gani?" Swali laonekana jepesi. Lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku neno kuyeyuka hutumika kwa mambo matatu yanayoipata sukari.

Kwanza, sukari hutiwa katika maji. Punje hutoweka machoni, utamu hubaki. Moto hauhitajiki, maji ya mtungini yatosha. Gramu 100 za maji yenye nyuzi 20 za Sentigredi huweza kupokea gramu 200 hivi za sukari. Maji yakiachwa yakauke, sukari huonekana tena. Kila molekuli yake ingali na atomi 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni. Kitu ni kile kile.

Pili, sukari kavu huwekwa katika sufuria juu ya moto, ikalainika na kuwa kimiminika. Huku kugeuka kwa yabisi kuwa kimiminika kwa nguvu ya joto, kama barafu inavyogeuka kwenye nyuzi 0, ndiko kuyeyuka hasa.

Tatu, sukari haina tabia ya barafu. Joto linapofikia nyuzi 186 hivi, molekuli zake zimekwisha kuanza kuvunjika. Rangi huwa hudhurungi, harufu hubadilika, mvuke hutoka, na moto ukizidi hubaki mkaa mweusi na mchungu. Mkaa huo ukitiwa maji haurudi kuwa sukari. Mpishi wa kashata alijua jambo hili kabla ya vitabu vya kemia, ndiyo maana huiepua sufuria mapema.

Basi mwanafunzi anayejibu "kiumbo" huku akifikiria kikombe cha chai amepata. Anayejibu "kikemia" huku akifikiria sufuria iliyoachwa motoni naye amepata. Aliyekosea ni mtunga swali.

Lugha yenyewe haina upungufu hapa. Mtoto akitia peremende kinywani haitafuni. Huimumunya, nayo hupungua kidogo kidogo katika mate bila moto wowote. Kutokana na kitenzi hicho tunapata kumumunyika, na tena mmumunyo na umumunyifu. Wako wanaolikataa neno hili kwa hoja kwamba ni la kinywani tu, na kwamba wananchi wamezoea kusema sukari imeyeyuka katika chai. Hatukusudii kumsahihisha mtu anayekunywa chai yake. Lakini kitabu cha Sayansi hakina budi kutenganisha mambo ambayo mazungumzo yaweza kuyachanganya bila madhara. Wala si ajabu neno la kinywani kupanuliwa maana. Istilahi zetu nyingi zimepatikana kwa njia hiyo hiyo.

Istilahi "badiliko la kiumbo" nayo yahitaji kuangaliwa. Umbo, kwa msemaji wa kawaida, ni sura ya kitu inavyoonekana. Mwanafunzi huona kwamba sukari iliyoungua imeacha kuwa punje, imekuwa donge jeusi. Umbo limebadilika waziwazi, naye huandika "kiumbo". Istilahi imempoteza. Tena istilahi hizi mbili hazilingani, kwa kuwa moja yataja sura ya kitu na nyingine yataja jina la taaluma. Kwa maoni yetu, "badiliko la kifizikia" na "badiliko la kikemia" zingelingana vizuri zaidi. Yaweza kusemwa kwamba neno kifizikia halimwelezi mtoto chochote. Ni kweli, lakini neno lisiloeleza kitu hungoja maelezo ya mwalimu, na neno linaloeleza visivyo hushindana naye.

Jambo hili haliishii darasani. Watumishi wa serikali hutafsiri maelezo ya afya yanayosomwa na watu wasio na mwalimu karibu. Kinywaji cha mgonjwa wa kuhara hutengenezwa kwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, na mchanganyiko huo haufai kuchemshwa tena. Agizo la "yeyusha" laweza kumfanya mama afikirie jiko. "Koroga mpaka sukari na chumvi zimumunyike" hakumpeleki huko, na kitendo cha kukoroga chamfafanulia hata neno lililo geni kwake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kuyeyuka kutumike kwa yabisi inayogeuka kimiminika kwa joto. Kumumunyika kwa kitu kinachotoweka ndani ya kimiminika. Na kuungua kwa sukari iliyoharibiwa na moto. Walimu na wafasiri wakubali kuyapima maneno haya katika kazi zao, na pale watakapoona hayatoshi, watuandikie sababu zao pamoja na mifano.