Sombe ya mgeni huanzia kwenye kinu

Mgeni anayelala kijijini upande wa Miti au Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, akiomba chakula cha nyumbani anaomba bugali (ugali), sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Bugali haina shida. Sambaza nazo zina historia fupi: zilitolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960, na huvuliwa usiku kwa taa. Zikifika asubuhi zioshwe, zitiwe chumvi, zikaushwe maji na kukaangwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Kwenye sombe ndipo nyumba za wageni hukosea, kwa sababu ya haraka.

Jani la muhogo lina linamarini, ambayo ndani ya jani hukaa mbali na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mchi ukiponda jani, viwili hivyo hukutana, na sumu ya sianidi hutoka. Sianidi hiyo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 26 hivi, kwa hiyo ikishatoka ni rahisi kuifukuza. Iliyo ngumu kuondoa ni linamarini ambayo haijavunjwa, maana moto wa jikoni hauiharibu.

Hapo ndipo mpangilio wa kazi unapokuwa na uzito. Mama anayetwanga majani mabichi mpaka yawe laini kabisa, kisha akayaacha kidogo kabla ya kuyapeleka motoni, amekipa kimeng'enya nafasi ya kumaliza kazi yake. Wapishi wengine huyachovya majani kwenye maji moto kwanza ili kutwanga kuwe kwepesi. Mkono unapumzika, ni kweli, na maji yale yakimwagwa huondoka na sehemu ya linamarini. Lakini joto limekwisha kuua kimeng'enya, na kinachobaki ndani ya jani hakina tena cha kukivunja. Mimi naunga mkono kutwanga kwanza, hasa kwa majani ya muhogo mchungu. Sombe iliyotwangwa tayari sokoni inafaa, mradi iwe imelainika kweli. Vipande vya majani vikionekana, irudishwe kwenye kinu.

Kisha sufuria ichemke wazi. Kifuniko huokoa makaa, na makaa ni ghali, lakini mwanzoni mvuke lazima uondoke. Tena huku hakuna njia ya mkato: Ziwa Kivu liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kisamvu cha Tanga, ndiyo sombe ya pwani, huchemka kwenye nyuzi 100. Majani yale yale, jiko lile lile, Bukavu yatachukua muda mrefu zaidi kuiva. Mpishi aliyezoea miji ya chini akija huku na saa yake ya zamani ataandaa sombe inayokwaruza koo.

Wapo wanaotia bikaboneti ili rangi ibaki kijani na majani yalainike upesi. Inafanya hivyo kweli, ila inaharibu sehemu ya vitamini, na ikizidi huacha ladha ya sabuni. Sombe iliyoiva vizuri huwa kijani kilichofifia, na mgeni aambiwe kwamba hiyo ndiyo rangi yake.

Pwani wangetia tui la nazi. Huku ni mawese, na wengine huongeza karanga zilizosagwa. Mawese yaingie baada ya maji kupungua sana, pamoja na kitunguu, pilipili na samaki mkavu. Yakitiwa mapema huelea juu ya maji na hayashikani na majani. Yakitiwa kwa wakati wake, na moto ukapunguzwa, kila kitu hushikana kuwa uji mzito unaong'aa.

Kazi hii haiwezi kuanza baada ya mgeni kuketi mezani. Nyumba ya wageni inayotaka kuitoa vizuri imuulize jioni atakula nini kesho, majani yachumwe alfajiri, na kinu kiwe kimeshatulia kabla ya sambaza kufika.