Mkono Juu ya Tairodi

Fundi anayejua kutafuta ugonjwa wa usukani utamtambua kwa jinsi anavyochelewa kushika spana. Land Cruiser ya watalii inaingia gereji Arusha na vumbi lote la Serengeti, dereva anashuka na hukumu yake mdomoni: "Fundi, tairodi zimekwisha," akimaanisha fimbo zinazogeuza magurudumu. Fundi haikubali hukumu hiyo wala haikatai. Anauliza. Linavuta wakati wote, au ukikanyaga breki tu? Usukani unaanza kutetemeka ukifika mwendo gani? Ukigonga shimo unatulia wenyewe, au mpaka upunguze mwendo? Ukitoka kwenye kona unarudi katikati, au unaurudisha wewe? Dereva aliyeshinda njiani na gari hilo anajua mengi kuliko anavyodhani, ila hakuna aliyewahi kumuuliza kwa mpangilio.

Nyingi ya gari hizi ni za familia ya 70, iliyoanza mwaka 1984. Hapa zimekatwa, zikarefushwa, zikawekewa paa la kuinuka ili mgeni asimame aone simba. Chini, mbele, zina ekseli nzima inayoshika gurudumu la kushoto na la kulia kwa pamoja, kwa hiyo kinacholegea upande mmoja husikika upande wa pili. Barabara ya changarawe inayoshuka kutoka ukingo wa Ngorongoro kwenda lango la Naabi ina mikunjo midogo isiyokwisha, na kila mkunjo ni pigo kwenye kila kiungo. Hakuna nati isiyojaribiwa huko.

Kabla ya kulala chini, fundi hutazama matairi. Anapima upepo, kisha anahamisha tairi la mbele kushoto kulipeleka kulia, na la kulia kushoto. Gari lililokuwa likivuta kushoto likianza kuvuta kulia, mwenye kosa ni tairi, na hakuna haja ya kununua kitu kingine. Anapitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Kikiteleza upande mmoja na kukwaruzwa upande mwingine, magurudumu hayatazami mbele sawasawa. Kama gari huvuta baada ya mwendo mrefu tu, anasogeza kiganja karibu na rimu za pande zote mbili, na yenye joto zaidi huenda ina breki isiyoachia.

Na mara nyingine hakuna kilichoharibika kabisa. Dereva ametoka matopeni akaingia lami, ekseli ya mbele na ya nyuma bado zimeunganishwa. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma, na gari lisilo na difu ya katikati halina pa kuimalizia tofauti hiyo. Usukani unakuwa mzito, gari linakaza. Fundi mwaminifu anaziachanisha ekseli, anampa dereva ufunguo wake, na anamweleza sababu.

Kazi ninayoipenda kuliko zote huja baada ya hapo. Gari limesimama juu ya matairi yake, injini inaunguruma, mwanafunzi ameshika usukani. "Dogo, kushoto kidogo, kulia kidogo. Usizungushe." Chini, fundi anafuata mwendo kuanzia kwenye boksi la usukani, kiungo kimoja baada ya kingine. Shafti inayoingia kwenye boksi ikizunguka na mkono unaotoka chini yake ukabaki palepale, tatizo limo ndani ya boksi. Mkono ukienda na fimbo ikachelewa, ni kichwa cha fimbo. Jicho hudanganywa na matope yaliyoganda, lakini kiganja kilichokumbatia pande zote mbili za tairodi husikia mgongano mdogo sana, hata wa chini ya milimita moja. Hakosi pia kuishika sehemu boksi linapofungwa kwenye chesisi. Bolti ikilegea hapo, au chesisi ikiwa na ufa, viungo vyote vitaonekana vizima na gari bado litatangatanga.

Kisha jeki. Anashika gurudumu juu na chini, analitikisa. Likicheza, anaagiza breki ikanyagwe na kushikiliwa. Mchezo ukipotea, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, zile ambazo gurudumu hugeukia juu yake. Wakati huohuo anatazama uvujaji: sili ya ndani ikichoka, mafuta ya difu hupenya, huyeyusha grisi na kuigeuza uji mwepesi unaochuruzika nje. Beringi zinazolindwa na uji huo hazitakaa.

Yote haya huchukua muda, na wateja wengi hatuulipii. Tunalipa kipuri, tunalipa ufundi wa kukifunga, lakini muda wa kutafuta tunauona kama maongezi. Nadhani ndiyo maana mafundi wengi hukimbilia kubadilisha tairodi zote na kulipeleka gari alaimenti, ingawa alaimenti iliyofanywa juu ya kiungo kilicholegea haina maana: kipimo kinabadilika gari likifika barabarani.

Udanganyifu mkubwa zaidi hufanywa kwa shokapu ya usukani. Kuna mtetemo unaozaliwa gari likigonga shimo likiwa kwenye mwendo: ekseli nzima inayumba, usukani unapiga kushoto na kulia kwa nguvu za kuumiza vidole, hautulii mpaka gari lipunguzwe mwendo sana. Chanzo huwa beringi za kingipini zilizolegea, bushi zilizokufa, matairi yasiyobalansiwa, au kadhaa kati ya hayo kwa pamoja. Shokapu mpya huunyamazisha mtetemo huo kwa miezi, huku beringi zikiendelea kujimaliza. Fundi ninayemsifu hufanya kinyume. Anaifungua shokapu na kuiweka pembeni ili ugonjwa ujitokeze wote. Anafungua kingipini, anaweka beringi mpya, anaongeza au kupunguza vipande vyembamba vya chuma, kisha anavuta kwa mizani ya springi mpaka ukazo ufike kipimo cha kitabu. Halafu analirudisha gari taratibu kwenye barabara ileile, akiongeza mwendo hatua kwa hatua hadi ule aliotajiwa na dereva. Shokapu inarudishwa baada ya usukani kutulia bila msaada wake.