Pongezi kwa Jarida la Transition
Mwaka 1961 Rajat Neogy, kijana mzaliwa wa Kampala, alianzisha jarida la Transition mjini humo. Nampongeza hasa kwa kazi isiyoonekana: kupanga insha za sanaa na fasihi toleo baada ya toleo, ili hoja isife ikishachapwa mara moja. Mwaka 1963 alichapisha insha ya Obi Wali wa Nigeria, aliyeshikilia kwamba fasihi ya Kiafrika haina mustakabali isipoandikwa kwa lugha za Waafrika. Waandishi wenye majina hawakupendezwa. Neogy akawapa nafasi, Ezekiel Mphahlele akiwamo, wajibu katika kurasa zilezile. Huo ndio uhariri hasa! Mjadala uliishi, na miaka mingi baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o akauendeleza katika kitabu chake Decolonising the Mind. Neogy mwenyewe alilipa gharama kubwa, kwani serikali ya Rais Obote wa Uganda ilimtia kizuizini mwaka 1968. Jarida lilihamia Ghana, na leo linatolewa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Wahariri wa majarida ya Kiswahili, nawaombeni mpange hivyo: mwandishi akitoa hoja leo, wa kumjibu awe ameshaalikwa kwa toleo lijalo.