Juu ya Orodha ya Samaki wa Maji Baridi

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai, Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Nasi katika Kiswahili husema "samaki wa maji baridi" tukikusudia samaki wa mito na maziwa, wasioishi katika maji ya chumvi. Hivyo ungedhani, msomaji, kwamba mji wenye jina kama hili ungekuwa wa kwanza kujua habari za samaki wake. Kazi ninayotaka kuipima mbele yako ilitoka katika mji huu huu mwaka wa 2003, katika jarida la elimu ya viumbe la Afrika Mashariki, litolewalo na chama cha wapenzi wa viumbe kilichoanzishwa mwaka wa 1909, pamoja na Makumbusho ya Taifa. Ni orodha yenye maelezo ya samaki wa maji baridi wa Kenya. Waandishi wake ni watatu: Lothar Seegers, Luc De Vos na Daniel Okeyo. Imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, lakini mwanafunzi wa sekondari mwenye subira hawezi kushindwa nayo.

Huenda ukauliza, orodha ina nini cha kuhakikiwa? Hata mwenye duka ana orodha ya bidhaa zake. Ni kweli; lakini mwenye duka huziona bidhaa zake rafuni, ilhali mwenye kuorodhesha samaki hana budi kukusanya maandishi ya zaidi ya miaka mia moja, yaliyotawanyika katika vitabu vya London, Berlin na Nairobi, na chupa za samaki waliohifadhiwa katika makumbusho ya nchi kadhaa. Hapo atakuta samaki mmoja amepewa majina matatu, na samaki watatu wamefichwa chini ya jina moja. Kazi ya kwanza ya orodha ni kuamua. Hii yetu imeamua juu ya spishi zaidi ya 200, na palipokuwa na shaka haikuona haya kuonyesha shaka.

Chukua mfano wa perege wa mto Athi. Ukisoma taarifa za uvuvi za miaka ya 1950 utamkuta akiitwa Tilapia nigra. Leo anahesabiwa kuwa Oreochromis spilurus. Usidhani kuwa wataalamu walichoka na jina la zamani wakatafuta jipya kwa anasa. Mwaka wa 1983 Ethelwynn Trewavas, bibi wa makumbusho ya London, alitoa kitabu kikubwa kilichowagawa perege kwa namna walezavyo watoto wao. Wapo wanaotaga mayai chini na kuyalinda hapo. Na wapo ambao mama huyaokota mayai akayabeba kinywani mpaka watoto wawe na nguvu za kuogelea. Wa namna hii ya pili ndio Oreochromis. Kwa hiyo jina jipya limebeba habari ya malezi, na mwenye kulijua jina hilo amekwisha kujua jambo moja la maisha ya samaki mwenyewe. Majina hayakutulia hata baada ya 2003. Samaki wengi walioandikwa humo kwa jina la Barbus wamehamishwa, wadogo wakaitwa Enteromius na wakubwa Labeobarbus. Orodha yoyote huzeeka, na hiyo si aibu yake.

Sifa nyingine ya kazi hii, nami naiona ndiyo kubwa, ni kwamba pamoja na majina ya Kilatini imeandika majina ya wenyeji. Mvuvi wa Nyanza asemaye ngege, ningu, mumi na fulu hakungoja mtu wa Ulaya amfundishe kutofautisha samaki. Lakini usitegemee kuwa mito ya Nairobi itakupa utajiri kama huo. Wamasai na Wakikuyu, waliokaa kandokando ya mito hii, kwa desturi za kale hawakuwa walaji wa samaki, na watu hawasumbuki kukipa majina kumi kitu wasichokitia chunguni. Samaki wa mto usio na wavuvi hana wa kumtaja, na asiyetajwa hakosi kusahauliwa mapema. Jambo hili laongeza uzito wa kazi ya watatu hawa. Kwa samaki wengi wa mto Athi, maandishi ya wataalamu ndiyo ushahidi karibu wote tulio nao.

Sasa tazama anwani ya orodha. Ina mabano, na ndani ya mabano waandishi wanasema wamewaacha furu wa ziwani, wale wa Ziwa Victoria. Waama, mabano hayo madogo yameficha kundi kubwa ajabu, kwa kuwa furu wa ziwa hilo ni mamia ya spishi, na nyingi zilikuwa hazijapewa majina. Sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Alipoongezeka sana katika miaka ya 1980, furu wengi walitoweka hata kabla ya kuandikwa. Je, tuwalaumu waandishi kwa kuwaacha? Mimi siwalaumu. Ni heri mwandishi aseme wazi mwisho wa uwezo wake kuliko kujaza kurasa kwa kubahatisha.

Lawama yangu i mahali pengine. Orodha hii, kama zilivyo nyingi za aina yake, inatuambia samaki na bonde la mto wake. Haituambii mto wenyewe u hali gani. Neno "Athi" likiandikwa mbele ya jina la samaki, msomaji hudhani yupo huko leo.

Fuata mto wa Nairobi uone. Unaanza katika bwawa la majani la Ondiri, huko Kikuyu, magharibi ya mji. Unashuka Dagoretti, unapita Kawangware, unaandamana na barabara ya Riverside, unapita Chiromo, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha elimu ya viumbe, kisha unapita chini ya kilima cha Makumbusho, yaliyofunguliwa hapo mwaka wa 1930. Toka hapo unaingia katikati ya mji, unakwenda mashariki kuungana na Athi, ambao huko mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi. Basi samaki wamehifadhiwa chupani juu ya kilima, na chini yake unapita mto ambao ulipaswa kuwa makao ya ndugu zao.

Samaki wadogo wa mito ya milimani wanahitaji maji yaendayo, yenye oksijeni, na changarawe safi za kutagia. Maji ya vyoo yakiingia mtoni, vijidudu vinavyoozesha uchafu huitumia oksijeni hiyo yote, na matope hufunika changarawe. Kambare huweza kustahimili, maana ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, wenzake hawana. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kazi ya kuusafisha mto huu, John Michuki akiwa waziri wa mazingira, na bustani iliyopo kati ya Makumbusho na mzunguko wa Globe ina jina lake. Kingo zilipandwa miti, watu wakafurahi. Lakini kingo zenye miti si maji safi, na bomba moja la uchafu lililo juu ya mto huharibu kazi ya maili nyingi chini yake.

Waweza kunijibu kwamba hayo si kazi ya orodha, na jibu lako lina haki. Lakini wapo walioandika vinginevyo. Mwaka wa 1959 P. J. P. Whitehead alieleza uvuvi wa mito ya Nyanza, na mwaka wa 1965 D. A. Cadwalladr akaandika juu ya kupungua kwa ningu. Samaki huyu hutoka ziwani wakati wa mafuriko akapanda mito kwenda kutaga. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zikamkamata kabla hajataga, naye akaadimika. Cadwalladr hakuishia hapo. Aliuangalia mto Nzoia, akaonyesha kwamba ningu alipopungua, ufundi wa kale wa wenyeji wa kuvua mtoni nao ulidhoofika. Katika makala moja una samaki, mto na mtu. Okeyo mwenyewe, mmoja wa watatu wetu, alikuwa amekwisha kuikaribia njia hiyo mwaka wa 1998, alipoandika peke yake juu ya samaki wa Athi, Galana na Sabaki, akaunganisha majina yao na habari za maisha yao mtoni. Natamani sauti hiyo ingesikika zaidi katika orodha ya 2003. Luc De Vos, aliyesimamia sehemu ya samaki katika Makumbusho, alifariki mwaka huo huo, na kazi ya kuwatafuta samaki mitoni ikampoteza mmoja wa watu wake walioijua vizuri.

Ukipata nafasi ya kuisoma orodha hii, mtafute trauti. Si mwenyeji wa Kenya. Ewart Grogan ndiye aliyemleta kutoka Uskoti mwaka wa 1905 na kumtia katika mto Gura, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Mgeni huyo twajua mwaka wake wa kuingia, na mto wake wa kwanza, na hata jina la aliyemleta. Kisha mtafute mmoja wa samaki wadogo wa Athi, mwenyeji kabla ya reli na kabla ya mji, ujaribu kujua ni mwaka gani alionekana kwa mara ya mwisho chini ya kilima cha Makumbusho.