Pima Kanuni kwa Mvuvi wa Minago

Ukitaka kujua kama kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika zimetungwa na fundi, usianze na shujaa wala joka. Muumbe mvuvi wa ndagala wa Minago, Burundi, kisha mpeleke kazini usiku wa giza. Anawasha taa juu ya Ziwa Tanganyika, anangoja ndagala wakusanyike kwenye mwanga, anainua wavu.

Kwanza, tazama dadu inatupwa lini. Kwa dadu ya pande 20, mvuvi mwenye ujuzi wa +4 akipewa kazi ya kiwango cha ugumu cha 10 hushindwa mara 5 katika 20. Mtu wa namna hiyo asingepata nafasi mtumbwini. Dungeons & Dragons ya mwaka 2000 ilitibu kasoro hii: pasipo haraka wala hatari, dadu huachwa, mchezaji akahesabiwa 10 pamoja na ujuzi wake. GURPS ya 2004 huipa kazi ya kila siku nyongeza ya 4. Nafasi ya kufaulu ya mwenye ujuzi wa 12 hupanda kutoka asilimia 74 hadi 98.

Pili, uliza umahiri una gharama gani. Katika Dungeons & Dragons hiyohiyo, kikomo cha ujuzi hufuata ngazi ya mhusika, na ngazi humwongezea uhai. Basi mama anayewashinda wote kwa kuanika ndagala atakuwa pia mgumu kuuawa kuliko jirani zake! Call of Cthulhu ya 1981 ni safi zaidi: kila stadi ina asilimia yake.

Tatu, angalia mtu anavyojifunza. Katika RuneQuest ya 1978, stadi hukua kwa kutumiwa, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyokawia kuongezeka. Aliyejifunza kukamua mawese Rumonge ataukubali mwendo huo.

Kipimo kikuu ni hiki: wavu ukipanda mtupu, kanuni zinamlaumu nani? Mvuvi mzoefu hurudi bila kitu kwa sababu samaki hawakuja au upepo umegeuka. Mikono yake haijasahau kazi. Kanuni bora huitupa dadu kwa ajili ya ziwa, na kuuacha ujuzi wa mvuvi usimame imara. Kitabu kisichojua tofauti hiyo, kirudishe rafuni.