Vuli ya Zanzibar Si Vuli ya Chicago: Uhakiki wa Majina ya Majira

Katika shule za sekondari za hapa kwetu Rwanda, jiografia ya dunia hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hupitishwa kwenye misitu ya ikweta, savana, majangwa, nchi za Mediterania, hadi kwenye barafu ya kaskazini. Hujifunza pia jinsi watu wa sehemu hizo wanavyolima, wanavyojenga na wanavyosafiri. Kipindi kinachofuata huenda kikawa cha Kiswahili, na hapo hukutana tena na dunia ileile katika vifungu vya ufahamu na mazoezi ya tafsiri. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kudhani kwamba dunia hiyo ni kazi ya mwenzetu wa jiografia, na kwamba letu ni msamiati tu. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa kuhakiki jambo linaloonekana dogo, yaani orodha ya majina manne ya majira ya mwaka.

Orodha yenyewe si ngeni kwa msomaji wetu. Imo katika madaftari ya wanafunzi na huandikwa ubaoni bila wasiwasi. Upande mmoja yamewekwa majira manne ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Upande wa pili yamepangwa majina yetu: masika kwa Machi hadi Mei, kiangazi kwa Juni hadi Agosti, vuli kwa Septemba hadi Novemba, na kipupwe kwa Desemba hadi Februari. Siku hizi programu za tafsiri zimeongeza kioja kingine, "majira ya chemchemi", kwa sababu neno moja la Kiingereza hutaja majira hayo na pia hutaja mahali maji yanapobubujika. Kioja hicho mwanafunzi mwerevu hukicheka. Orodha ya kwanza haimchekeshi mtu, na ndiyo maana madhara yake ni makubwa zaidi.

Tukiri kwanza kwamba orodha hii ina mvuto. Ni manne kwa manne, haina kinachobaki wala kinachopungua. Ni rahisi kukariri na ni rahisi kusahihisha. Isitoshe, maneno yote manne ni ya Kiswahili safi, hayakuazimwa jana. Lakini tukiyauliza maneno hayo yametoka wapi na yanafanya kazi gani nyumbani kwake, tutaona kwamba ulinganifu huo ni wa hesabu tu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, majira hupimwa kwa mvua na kwa upepo. Masika ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba. Kipupwe ni kipindi cha ubaridi mwanana cha Juni hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unavuma. Kiangazi ni kipindi cha joto na ukavu baada ya vuli, Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Msomaji aone ajabu iliyopo hapa: miezi ambayo orodha yetu inaiita kiangazi, Mswahili wa pwani huiita kipupwe, na ile ambayo orodha inaiita kipupwe, mwaka wa pwani huiangukia mwishoni mwa vuli na katika kiangazi! Ni kweli kwamba sehemu nyingi za bara huita kiangazi kipindi chote kisicho na mvua, hata kikiwa cha Juni. Hilo halisaidii orodha, bali linazidi kuonyesha kwamba kiini cha neno hilo ni ukavu, wala si joto la Ulaya.

Majira ya Chicago yanapimwa kwa kitu kingine kabisa. Mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23.5 hivi. Kwa sababu hiyo, mji ulioko karibu na nyuzi 42 kaskazini mwa ikweta hupata takribani saa 15 za mwanga wa jua mwishoni mwa Juni, na takribani saa 9 tu mwishoni mwa Desemba. Wastani wa joto huko hufika karibu nyuzi 24 za Selsiasi mwezi Julai, kisha hushuka chini ya sifuri mwezi Januari. Miti huota majani na kuyapukutisha kwa kufuata mwanga na joto hilo. Kigali, iliyo karibu na nyuzi 2 kusini mwa ikweta, hutofautiana urefu wa mchana kwa dakika chache tu mwaka mzima, na joto lake halibadiliki sana. Hapa jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na mwezi Septemba, na ukanda wa mvua hulifuata kwenda na kurudi. Ndiyo maana tunazo mvua za mara mbili.

Sasa tutazame kinachompata mwanafunzi. Akisoma kwamba "vuli huko Chicago majani hubadilika rangi na kuanguka", atauliza kwa nini majani yaanguke wakati wa mvua. Swali lake ni zuri, kosa ni la tafsiri. Akisoma kwamba huko ni kiangazi, atafikiri kwamba mvua zimekoma, ilhali Chicago hupata mvua nyingi zaidi Juni na Julai kuliko Januari. Akihamia Athens, mambo yanageuka. Huko miezi ya joto ni mikavu kweli, na mvua hunyesha wakati wa baridi. Tofauti hiyo ndiyo inayoipa tabianchi ya Mediterania sura yake, na ndiyo inayoeleza mizeituni na mizabibu ya wakulima wake. Kama tumeita Chicago na Athens "kiangazi" kwa pamoja, tumeifuta tofauti ambayo mwalimu wa jiografia ametumia vipindi viwili kuifundisha. Akifika Cape Town, ambako baridi na mvua huja Juni hadi Agosti, orodha yenye miezi iliyokaririwa inamwacha njiani kabisa.

Sisi wa Rwanda tuna bahati ambayo hatuitumii. Kinyarwanda nacho kina majira manne: urugaryi, ukavu mfupi wa Januari na Februari, itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, impeshyi, ukavu mrefu unaoanzia Juni, na umuhindo, mvua za kuanzia katikati ya Septemba hadi Desemba. Ukiyaweka kando ya kiangazi, masika, kipupwe na vuli, utaona ndugu wa karibu, kwa kuwa yote yametokana na mvua ileile inayofuata jua lilelile. Mwanafunzi wetu hahitaji kupitia Ulaya ili aelewe vuli. Babu yake anayepanda maharage mwezi Septemba anaijua vuli, ila anaiita umuhindo.

Kuna jambo lingine ambalo orodha hii inalizika, nalo ni utamaduni uliomo ndani ya maneno. Majina ya pande za dunia tunayoyatumia darasani, kaskazini na kusini, yanahusiana na pepo hizo mbili. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na magharibi ya India hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kusi iliyarudisha. Neno msimu lenyewe limetokana na Kiarabu, na asili hiyohiyo ndiyo iliyozaa neno ambalo Wazungu huziitia pepo za Bahari ya Hindi. Na pepo zinazovuma kwetu kama kusi, zikivuka ikweta hupinda na kupeleka mvua India kuanzia Juni. Kwa hiyo maneno mawili tu, kaskazi na kusi, yanatosha kufundisha mzunguko wa hewa, biashara, na jinsi lugha ya Kiswahili ilivyokutana na Kiarabu na lugha za India.

Hata saa yetu ina somo hilo. Tunasema saa kumi na mbili asubuhi jua linapochomoza, na Wanyarwanda huhesabu vivyo hivyo, kwa kuwa karibu na ikweta jua halituhadai. London mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi Desemba hungoja hadi saa mbili asubuhi. Mtu wa huko asingeweza kubuni saa kama yetu.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Lugha hukua, na maneno hupanuka maana. Waandishi na wafasiri wengi wamekwisha kutumia vuli kwa majira ya kupukutika majani, sasa nani atawazuia? Tunakubali kwamba lugha haikui kwa amri. Hata hivyo, neno hupanuliwa bila hasara pale ambapo halina kazi nyingine ya kugombana nayo. Vuli ina kazi. Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili, na mwelekeo wa mvua za msimu kwa yale yanayopata mvua mara moja. Mkulima akisikia kwamba vuli itachelewa, huahirisha kupanda. Neno linalobeba chakula cha watu lisigeuzwe pambo la maelezo ya majani ya Ulaya. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Mapendekezo yetu ni machache. Kwanza, kwa nchi za baridi tutumie maelezo yanayotaja sababu yenyewe: majira ya baridi, majira ya kuchipua majani, majira ya joto na majira ya kupukutika majani. Ni marefu, lakini mwanafunzi anayeyasoma hupata jina na maana kwa pamoja. Pili, masika, vuli, kipupwe na kiangazi yabaki katika nchi zao, na yanapotajwa yaambatane na mahali na miezi. Tatu, katika kusahihisha tafsiri tusimpe mwanafunzi alama kwa sababu tu ameikariri orodha. Tumuulize maswali matatu: ni wapi, ni miezi gani, na kinachobadilika ni mvua, upepo au joto? Mfasiri wa fasihi anaweza kuwa na uhuru zaidi, lakini naye ajibu maswali hayo kabla ya kuuchukua uhuru huo.

Nne, na hili ndilo tunaloliona muhimu zaidi kwa wanafunzi wetu wanaojiandaa kuwa walimu, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa jiografia waketi pamoja angalau mara moja kwa muhula. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini mwetu, na pia ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku madokezo ya jiografia yatakapoandikwa kwa Kiswahili, waandishi watachukua maneno yaliyo tayari mikononi mwao. Wakiikuta orodha hii, wataichapa katika vitabu, na kuiondoa humo itakuwa kazi ngumu kuliko kuifuta ubaoni leo.

Tunawaomba wasomaji walioko mashuleni watuandikie majina ya majira yanayotumika katika maeneo yao, pamoja na miezi yake na kazi za shamba zinazofanywa wakati huo.