Ufundi wa Buddy Holly

Buddy Holly, mwimbaji wa rock and roll aliyezaliwa Lubbock, Texas, mwaka 1936, hutajwa zaidi kwa kifo chake kuliko kwa kazi yake, kwa kuwa ndege ndogo iliyoanguka karibu na Clear Lake, Iowa, tarehe 3 Februari 1959, na kumuua yeye, Ritchie Valens, J. P. Richardson na rubani wao, ilimkatiza akiwa na umri wa miaka 22 tu. Masimulizi ya ajali hiyo, ambayo kwa kweli yamezidi kiasi, yamemgeuza kijana wa kuhurumiwa, ilhali rekodi zake ni za fundi aliyejua vyema anachokitafuta.

Sauti yake haikuwa kubwa. Hakuwa na kifua cha Elvis Presley wala ukelele wa Little Richard. Alichokuwa nacho ni namna ya kuikata silabi moja vipande vipande, akaipandisha ghafla hadi juu kabisa ya koo na kuishusha kabla haijatulia, mtindo ambao waandishi wa muziki huufananisha na kwikwi. Katika “Peggy Sue” wa mwaka 1957, jina la msichana hurudiwa karibu wimbo mzima, na maneno yanayolizunguka ni machache na ya kawaida mno, kiasi kwamba yakisomwa kwenye karatasi hayana uzito wowote. Uzito umo katika uimbaji: mara jina linatoka zito, mara linatokea puani kwa sauti ya kitoto, hata msikilizaji asiyejua Kiingereza hutambua kwamba moyo wa mwimbaji umegeuka.

Wimbo huohuo unaonyesha jinsi kazi ilivyogawanywa. Jerry Allison alipiga ngoma kwa mapigo mfululizo ya mikono miwili, bila kituo, huku Norman Petty, mwenye studio, akiuongeza na kuuondoa mwangwi wake, hivyo ngoma ikawa kama inasogea na kurudi nyuma. Ilipofika zamu ya gitaa, Holly alizicharaza nyuzi kwa kasi isiyomruhusu kuinua mkono ili aguse swichi inayobadili mlio wa gitaa la umeme kutoka mwororo kuwa mkali. Basi Niki Sullivan, mpiga gitaa mwenzake ambaye hakuwa na sehemu ya kupiga katika wimbo huo, alikaa kando yake na kumgeuzia swichi.

Studio hiyo ilikuwa Clovis, New Mexico, na Petty alitoza malipo kwa wimbo, si kwa saa, jambo lililowapa vijana hao nafasi ya kujaribu na kukosea. Mwaka 1956 Holly alikuwa amerekodi Nashville kwa kampuni ya Decca bila mafanikio. Miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo “That'll Be the Day”, ambao aliurekodi upya Clovis Februari 1957 na ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwezi Septemba. Katika “Everyday”, Allison aliacha ngoma na kupiga mapaja yake kwa viganja, na mkewe Petty, Vi, akapiga selesta, ala inayofanana na piano ndogo ambayo nyundo zake hugonga vyuma badala ya nyuzi.

Jaribio lenye ujasiri zaidi ni “Words of Love”, ambamo Holly anajiitikia mwenyewe. Mpiga gitaa Les Paul alikwisha kuonyesha mbinu hiyo ya kurekodi kwa tabaka, yaani kurekodi sauti ya kwanza kwenye utepe, kisha kuicheza huku mwimbaji akiongeza ya pili na mashine nyingine ikizinasa zote pamoja. Lakini kwa vifaa vya wakati huo tabaka la chini halikuweza kurekebishwa tena, na kila unakili ulififisha ubora wake, kwa hiyo mwimbaji alilazimika kujua tangu mwanzo sauti ya pili itakaa wapi. Mwaka 1964 The Beatles waliurekodi wimbo huo kwa uaminifu mkubwa, na sauti alizoziimba Holly peke yake wakagawana John Lennon na Paul McCartney.